Sufuria ya Dang'a

Kila asubuhi Winfrida hufagia sakafu ya mbao ya banda la mbuzi lililoinuliwa juu ya nguzo, kisha hushuka bondeni kukata majani. Jumamosi ile ukungu ulikuwa umeifunika milima ya Uluguru, hata paa la kanisa la kijijini halikuonekana. Mama yake, Veronika, alikuwa akijitwika tenga la kabichi kwenda gulioni.

"Mbuzi atazaa leo," mama alisema. "Watoto wanyonye kwanza, kabla ya lolote. Na asisumbuliwe. Akizaa jike, ni wako."

Saa nne mbuzi alizaa mapacha, jike na dume. Kwa furaha Winfrida alikimbia kumwita rafiki yake Prisca, naye akaja na wadogo zake wawili na mbwa wao.

"Kiwele kimejaa dang'a," Prisca alisema. "Maziwa haya ya kwanza ukiyachemsha huganda kama yai. Tia sukari, utajing'ata ulimi."

"Mama amesema wanyonye kwanza."

"Si watanyonya mchana? Haya, mtoto wa mama, kaa na woga wako."

Winfrida akakamua maziwa yale mazito ya manjano mpaka chuchu zikalegea, wakayachemsha kwenye sufuria, wakatia sukari, wakala. Wadogo zake Prisca wakapokezana vitoto vya mbuzi huku mbwa akibweka chini ya banda. Mbuzi alitetemeka, akagonga mbao kwa pembe. Waliporudishwa wanawe, aliwanusa, akawasukuma kwa kichwa. Mpaka jioni hakuwakubali.

Mama aliporudi, jike alikuwa amelala, masikio yamepoa.

"Walinyonya?"

"Walinyonya, mama."

"Basi ni baridi hii." Mama akamfunika kwa khanga yake, akawasha jiko la mkaa, akakaa naye. Kabla giza halijaingia, jike akafa. Mama akamnyanyua dume. Alikuwa bado anapumua, lakini shingo yake nayo ilikuwa imelegea.

Winfrida akapiga magoti kando ya jiko. "Mama, hawakunyonya. Dang'a tumeila mimi na Prisca."

Mama akamlaza dume kwenye khanga. Kisha akampa kikombe. "Nenda kwa Mzee Severini. Mbuzi wake amezaa leo mchana. Mweleze kama ulivyonieleza mimi."

Mzee Severini, jirani yao, aliitikia shikamoo yake, akamsikiliza hadi mwisho, akakamua nusu kikombe. "Twende. Saa zikizidi kupita, dang'a haitamfaa tena."

Walimnywesha dume kidogo kidogo kwa chupa, usiku na alfajiri. Banda likaachwa kimya. Siku ya tatu mbuzi akatulia, akamruhusu mwanawe kunyonya. Siku hiyohiyo Mzee Severini alimkuta Winfrida amesimama kando ya kishimo walimomzika jike, nyuma ya migomba.

"Mtoto wa mbuzi huzaliwa hana kinga ya maradhi," alisema taratibu. "Kinga yake ya kwanza imo kwenye dang'a. Na mbuzi aliyezaa akitiwa hofu, humkataa hata mwanawe. Hayo hukuyajua, mjukuu wangu, na asiyejua hufundishwa. Lakini mama yako alipokuuliza, dawa ilikuwa mdomoni mwako, ukaimeza. Ukweli wako ndio uliomwokoa yule dume. Ungeutoa mapema, huenda wangekuwa wawili."

Winfrida aliinama, akaweka jiwe juu ya udongo. Kisha akachukua mundu, akashuka bondeni kukata majani.