Aliyekubali Mutembei Azikwe Ng'ambo

"Toka hapa, Igoki! Leo ni siku ya mwanangu. Sitaki kukuona!"

Mama Ciakuthii alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa kule Githongo, mikono kiunoni. Watu waliokuja kwenye ibada ya kumkumbuka Mutembei wakajifanya wanatazama shamba la kahawa lililokuwa ng'ambo ya barabara.

"Mama, nimekuja kuomba tu. Nitakaa nyuma."

"Uombe nini? Si wewe uliyewaambia wazungu wamzike huko? Mimi nilimzaa, wewe ukamtupa ugenini kama mtu asiye na kwao!"

Igoki alikuwa ameyazoea maneno hayo. Mwaka mzima hakuwa amejibu.

Mutembei alikuwa mchumba wake. Alikwenda ng'ambo kusoma, akajiunga na jeshi la huko, akawa dereva wa ambulensi vitani. Kwenye fomu, pale panapoulizwa nani apigiwe simu likitokea la kutokea, aliandika jina la Igoki, kwa sababu mama yake hasikii Kiingereza. Ujumbe wake wa mwisho Igoki hakuwahi kuufuta:

"Igo, Desemba nakuja. Mwambie Mama anenepeshe mbuzi. Harusi ni yetu, lakini watu wa Githongo hawatatusamehe wakirudi kwao na njaa."

Siku nne baadaye simu ililia akiwa kazini kwenye kiwanda cha kahawa. Afisa mmoja wa jeshi lile akamweleza yaliyotokea, kisha akaomba idhini ya kumzika huko huko. Igoki alilia mpaka sauti ikamkauka, halafu akasema ndiyo. Sababu hakumwambia mtu.

Asubuhi ya ibada alikuwa amempigia Gachoki, kijana wa Gachoka kule Mbeere. Gachoki alitumikia jeshi moja na Mutembei, na sasa alikuwa nyumbani likizo, akitembea kwa mkongojo.

"Gachoki, ukisimama kuongea, sema alikuwa shujaa. Basi. Lile lingine usiliseme."

"Lakini huyo mama anakusema vibaya mpaka huku kwetu tunasikia!"

"Acha aniseme. Niahidi."

"Haya. Nimekuahidi."

Sasa Gachoki alikuwa ameshuka garini, na kila neno la pale mlangoni lilikuwa limemfikia. Akaja akichechemea.

"Mama, naitwa Gachoki. Mwanao alinibeba mgongoni."

Mikono ya Mama Ciakuthii ikashuka.

"Ni wewe yule niliyeambiwa alimwokoa?"

"Ni mimi. Gari letu lilipigwa. Mutembei hakuwa hata na mkwaruzo, angekimbia akapona. Badala yake akanitoa, akanilaza nyuma ya ukuta. Mwenzetu Adrian alikuwa bado ndani. Nikamwambia, 'Usirudi, hiyo gari italipuka!' Akaniambia, 'Adrian ananiita.' Akarudi."

"Gachoki, tafadhali!" Igoki akamshika mkono. "Uliniahidi!"

"Nilikuahidi, dada, na leo navunja. Sitasimama hapa nikitazama ukifukuzwa." Akamgeukia Mama tena. "Gari liliwaka wote wawili wakiwa ndani. Tulipowafikia, Mutembei alikuwa amemkumbatia Adrian. Hatukuweza kuwatenganisha, Mama. Ndiyo maana jeshi liliomba ruhusa wazikwe pamoja, kaburi moja."

Mama akamgeukia Igoki.

"Igoki, ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Mwaka mzima nakutukana, mpaka sokoni, na wewe unajua?"

"Siku ile ya habari mbaya uliniambia ukifumba macho unamwona akitoka langoni, amebeba begi, anacheka. Niliogopa. Ungeambiwa ukweli, ungekuwa ukifumba macho unaona moto. Nikaona afadhali unichukie mimi."

Mama Ciakuthii akamvuta Igoki kifuani. Akalia kwa sauti kama ambavyo hakuwahi kulia tangu msiba uingie. Igoki naye akalia.

"Nisamehe, mwanangu. Nisamehe."

"Yalishapita, Mama."

"Hayajapita. Nitasema mbele ya watu wote, kama nilivyokutukana mbele ya watu wote." Akamtazama Gachoki kwa macho mekundu. "Mtoto wangu alijua kuchagua mke."

"Alijua, Mama. Kule kambini tulichoka kumsikia akimtaja."

Igoki akacheka huku machozi yakimtiririka.

"Na huyo Adrian," Mama akauliza, "ana mama yake?"

"Anaye. Kila Jumapili hupeleka maua kaburini. Huweka ya mwanawe, na ya mwanao."

Mama Ciakuthii akapangusa uso kwa kanga yake, akamwita mchungaji aliyekuwa amesimama kando.

"Mchungaji, majina yasomwe mawili leo. Mutembei na Adrian. Nina watoto wawili kule."

Watu wakaanza kuingia. Igoki akaelekea benchi la nyuma kabisa, kama alivyokuwa ameomba. Mama akamshika kiganja.

"Unaenda wapi? Mjane wa mwanangu hakai nyuma."

Wakatembea pamoja mpaka mbele, wakaketi.