Mwamba Usiopigiwa Hodi

Siku Saadi alipotoweka, bahari ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Maji yalikuwa yanajaa, upepo wa kusi haujaamka, na mbele ya kijiji chetu karibu na Mbuchi wimbi lilivunjika juu ya mwamba taratibu, likikunjuka kutoka kulia kwenda kushoto bila kuchafuka. Saadi peke yake ndiye aliyeteleza juu yake, kwa ubao alioachiwa na mgeni mmoja. Mama yake, Bi Mwantum, alimtazama kutoka ufukweni akianika uduvi.

Jamaa zangu, zamani mwamba ule ulikuwa ukipigiwa hodi. Kabla ya kutupa chochote, mvuvi aliita, "Hodi!" Aliyekuwa majini, hata akifichwa na wimbi, alijibu, "Karibu!" Ndipo kazi ilipoanza.

Lakini Ashrafu, kaka yake Saadi, alikuwa ameacha nyavu. Tangu serikali iruhusu kila mtu kufanya biashara, wanunuzi wenye barafu walitaka samaki wengi, naye aliwapata kwa baruti.

"Basi angalau piga hodi, mwanangu," mama yake alimwambia asubuhi ile, Ashrafu akisukuma mtumbwi majini.

"Ili doria wanisikie kabla sijatupa? Mama, siku hizi kila kitu ruksa!"

"Ruksa umepewa na nani? Mdogo wako yumo majini."

"Yule mvivu anayekaa juu ya ubao kama kunguru? Nitamwona tu."

Hakumwona. Lilikuja wimbi kubwa. Saadi akalala kifudifudi nyuma yake, akingoja la pili. Kutoka mtumbwini mwamba ulionekana mtupu. Bi Mwantum alitega sikio apate kusikia lile neno moja. Akasikia kishindo cha baruti.

Samaki walielea matumbo juu, na ubao ukaelea katikati yao. Ashrafu alipiga mbizi, akaibuka, akapiga tena, akiita, "Hodi, Saadi! Hodi!"

Bahari haikumrudisha. Walimswalia bila maiti.

MAFUNZO

Ndugu zangu, tamaa haingoji kujibiwa. Ruksa ya kuuza si ruksa ya kuua. Tuache baruti, na neno dogo tuliloachiwa na wazee, tusione aibu wala woga kulitamka.

Ule mwamba sasa umebomoka kwa baruti. Wimbi halikunjuki tena pale, linapita moja kwa moja hadi ufukweni, na Bi Mwantum huanika uduvi wake juu zaidi, karibu na mlango wa nyumba.