Vidonge vya Chai

Saa moja na nusu asubuhi, Kizalishawazo kiliunguruma, kikawasha taa ya kijani na kutangaza kwa mbwembwe za mtangazaji wa mpira: "Wazo namba mia tatu na kumi! Chai ya saa nne inapoteza nusu saa. Ifutwe. Wafanyakazi wapewe vidonge vya chai, wameze wakiwa wamesimama!"

Wafanyakazi wa kiwanda cha miguu ya roboti, jijini Mwanza, walitazamana. Mwaka huo, 2094, kila shirika lililojiheshimu lilikuwa na Kizalishawazo, mashine kubwa kama kabati la nguo, iliyobuni njia mpya za kufanya kazi. Mkurugenzi Rwechungura aliiamini kuliko mkewe. Si ndiyo iliyobuni goti la mpira lililowapa sifa hadi ng'ambo?

"Mama Chausiku," alisema Mkurugenzi, "Ijumaa unakabidhi vyombo. Si mimi, ni mashine."

Mama Chausiku alikuwa amepika chai pale miaka kumi na tisa. Alikaza kanga kiunoni. "Sawa, baba. Mashine haijawahi kunywa chai yangu, siilaumu."

Aliyechemka ni Mashauri, fundi wa mashine hiyo. "Mwenye wazo hili ni mpumbavu," alifoka, "tena mpumbavu wa kuzaliwa!"

Chai ikakatwa siku hiyo hiyo. Vidonge vilikuwa na ladha ya chaki. Mtu alimeza, akarudi kazini kimya kama aliyetoka mazikoni. Jumanne Kizalishawazo kilitangaza: "Mguu wa roboti uwe na vidole sita!" Jumatano: "Roboti avae soksi!" Alhamisi kiliunguruma muda mrefu, kisha kikasema kwa unyonge, "Sina wazo."

"Itengeneze kabla ya kesho saa nne," Mkurugenzi alimwambia Mashauri. "Wageni wanakuja kuiona."

Mashauri akafungua mgongo wa mashine. Akaufuata waya mmoja ambao hakuwahi kuujali, ukapita ukutani, ukaingia chumba cha chai, ukaishia chini ya meza. Hapo alikuta sikio la umeme, dogo kama kizibo cha soda, limegandwa na sukari.

Akarudi kwenye mashine, akabonyeza kumbukumbu. Sauti ya Mama Chausiku ikatoka: "Hilo roboti lenu linashuka ngazi kama kuku aliyefungwa miguu! Si mlitie mpira gotini?" Kicheko. Lilikuwa wazo la goti, neno kwa neno. Akasikiliza lingine, na lingine. Yote yalitoka pale mezani, katikati ya maandazi.

Akafikia namba mia tatu na kumi. "Leo sukari imeenda likizo?" ilisema sauti ya mwanamume mwenye makelele. "Bora watupe vidonge, tumeze tumesimama, tuokoe nusu saa!" Watu wakacheka hadi vikombe vikagongana.

Sauti ilikuwa yake mwenyewe.

Mashauri aliketi sakafuni. Kitufe cha kufuta kilikuwa hapo, kidole kimoja tu. Lakini akifuta, nani angeamini kuwa vidonge vilikuwa mzaha? Mama angeondoka kesho. Akakiacha.

Ijumaa Mkurugenzi alisikiliza yote. "Kwa hiyo mashine haikubuni kitu?"

"Hata kijiko, bosi. Inasikiliza tu, na utani haiujui."

"Na huyo mpumbavu wa kuzaliwa?"

"Unamtazama."

Mama Chausiku alikuwa mlangoni, sufuria amezifunga kwenye kanga. Mkurugenzi akamwomba asiondoke. "Nitabaki," alisema, "ila hilo sikio litoke uvunguni. Mgeni hukaa mezani, tumwone."

Saa nne ilipogonga, chai ya tangawizi ilikuwa inafuka, na sikio limewekwa kando ya bakuli la sukari. Kila mtu, hata wageni wa Mkurugenzi, alipata kikombe na andazi la moto. Mashauri aliletewa kisahani chenye kidonge kimoja.

"Mama, na wewe!"

"Simama, fundi. Ndivyo ulivyosema mwenyewe, umeze umesimama."

Akasimama, akameza. Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Samahani," kilisema Kizalishawazo kutoka chumba cha pili, taa yake ikiwaka na kuzimika. "Huu ni utani?"

Mashauri alikuwa na chaki hadi kooni. Akamtazama Mama Chausiku, ambaye hakuwa akicheka hata kidogo.

"Huu si utani," alisema Mashauri. "Hili ni wazo. Liandike."