Mapanga Mawili, Ala Moja

"Shika basi."

"Sishiki."

"Mikidadi, umetoka Mandawa kwa pikipiki, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, uje Nachingwea kunitazama tu?"

Mikidadi kasimama katikati ya uwanja, mikono kaificha mgongoni kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Miguuni pake, juu ya mkeka, yamelala mapanga mawili mafupi ya mti wa mninga. Hajira anayo yake mawili, moja kila mkono, kanga kaifunga kiunoni juu ya suruali, anamsubiri.

Pembeni, kwenye kiti cha kamba, Mzee Severini katega sikio. Macho yake yameota utando, watu anawaona kama moshi.

"Mbona sisikii kitu? Mmekuja kucheza au kununiana?"

"Nyamaza wewe mzee," mkewe, Mama Getruda, akamkatiza. Alikuwa anapeta ufuta kwenye ungo, lakini masikio yote yako uwanjani.

Kwa asiyemjua, Mzee Severini ndiye aliyewafundisha vijana wa hapa mapanga pacha ya Kichina. Naye alifundishwa na Mchina mmoja mjenga barabara, enzi hizo Severini kijana, anambebea vyombo vya kupimia. Ni mapanga mafupi, mapana, kila mkono na lake. Moja linazuia, moja linakata, na yakimaliza kazi yanalala ubavu kwa ubavu ndani ya ala moja, kama mtu na mkewe. Ya kujifunzia Mzee aliyachonga ya mti, watoto wa watu wasije wakauana.

Jioni zile, jamani! Maji yakishachotwa, kuni zikishaletwa, watoto wanakimbilia huku nyuma ya ghala la zamani la karanga, peku peku. Harufu ya korosho inatoka jikoni kwa Mama Getruda. Ko-ko-ko, ko-ko, mti kwa mti, mpaka wapita njia wanasimama. Wazee wakitoka msikitini wanatikisa vichwa: "Hawa kawaroga yule Mchina." Na katika wote wale, wawili ndio waliokuwa wanatazamwa: Mikidadi, mrefu, mwepesi, na Hajira, binti wa mkono wa kushoto. Mikidadi alimwita Mashoto, na ole wake mwingine amwite hivyo. Mmoja akivuta pumzi, mwenzake keshajua panga linatokea wapi.

Sasa Hajira ni fundi cherehani pale sokoni, mama wa Fatu, binti aliyekwisha olewa, mjane wa marehemu Mahamudu. Juzi Mama Getruda alimfuata mpaka kwenye cherehani.

"Mwanangu, mzee anakwenda Dar kwa kijana wetu akatibiwe macho. Anasema hatoki hapa mpaka asikie mlio wa pacha zenu, wewe na yule wa Mandawa."

Hajira akaitafuta namba aliyokaa nayo miaka bila kuibonyeza.

"Haloo?"

"Ni mimi."

Upande wa pili kuku wakasikika wakigombana.

"Mashoto."

"Umenijuaje?"

"Nani mwingine anapiga simu halafu anasema ni mimi?"

Hajira alicheka mpaka wateja wakamgeukia. Ila jambo moja hakumwambia. Masoudi, mnunuzi wa ufuta, mtu na heshima zake, alishaleta posa kwa Shangazi Rabia, na leo hii alasiri anakuja kuchukua jibu. Masoudi hana kosa hata moja. Ni moyo wa Hajira tu uliogoma kusema ndiyo kabla haujamwona huyu wa Mandawa tena. Na sasa kamwona, na hata mapanga hataki kushika.

"Unaniogopa?"

"Sikuogopi."

"Basi unanidharau. Kama ulivyonidharau siku ile."

Mikidadi akainua uso. "Siku ipi?"

"Weee! Siku ipi!" Hajira akagusa kovu juu ya jicho la kulia. "Hili nilizaliwa nalo?"

Siku ile watu walijaa uwanjani. Hajira alimbana kwa mkono wa kushoto, Mikidadi akateleza, ncha ya mti ikampasua Hajira juu ya jicho. Damu ikatiririka mpaka kidevuni. Mikidadi akaweka mapanga chini, akainama, akaondoka bila neno. Hajira akalala nyumbani na kitambaa kichwani, masikio yapo mlangoni. Walikuja wote kumpa pole, mpaka mama muuza maandazi. Mikidadi hakuja. Msimu ukapita, Mahamudu akaleta posa, na Hajira akakubali akiwa bado na hasira ya mtu mwingine.

"Hukuja hata kunipa pole!"

"Ningekujaje? Nilikuwa nakusubiri wewe."

"Unisubiri mimi? Mimi niliyepasuka?"

"Ndiyo kanuni, Mashoto. Aliyekata anaweka mapanga chini. Hafuati, haombi. Anasubiri aliyekatwa ayaokote, amwekee mkononi, ndiyo kasamehewa. Hukuja. Tangu siku ile sijagusa pacha."

"Kanuni gani? Nani aliniambia mimi kanuni?"

Ungo ukasimama mikononi mwa Mama Getruda. "Severini! Watoto wa kike uliwaambia habari ya kuweka mapanga chini?"

"Kanuni nilisema siku ya kwanza, mbele ya vijana wote."

"Wasichana walikuwepo siku ya kwanza? Si uliwaruhusu baadaye, korosho zinaokotwa, baada ya mimi kukununia?"

Mzee akakuna kidevu. "Ulininunia sana mwaka ule."

"Severini!"

"Basi sikuwaambia. Nilidhani wataambiana wenyewe."

Hakuna aliyecheka. Hajira akayalaza mapanga yake kwenye mkeka, akazunguka ukuta wa ghala, akakaa kwenye tofali. Hakumlilia Mahamudu, Mahamudu alikuwa mume mwema na aliishi naye kwa amani. Alimlilia yule msichana mwenye kitambaa kichwani, kila ndala zikipita nje anajiinua kwenye kitanda.

Simu ikaita.

"Mama Fatu, mgeni wako kafika, yupo barazani anakunywa chai. Nimwambie nini?"

"Nipe muda kidogo, Shangazi."

"Muda? Rika lako hilo unataka muda kama mwali? Nimekwisha msifia mvua, nimemsifia viatu, sina la kusema tena. Harakisha!"

Akakata. Papo hapo ujumbe ukaingia.

*Mashoto nipo upande wa pili wa ukuta. Siji mpaka uniite.*

Hajira akausoma, akaurudia. Hasira ikampanda, halafu kicheko kikaja juu yake, vikachanganyika. Akaandika:

*Unasubiri TENA?*

Kabla hajaiweka simu, Mikidadi katokeza kwenye kona, anahema.

"Nimekuja."

"Nimekuona."

"Mapanga yapo palepale. Ukija ukiniwekea mkononi..."

"Sikuwekei."

"Hajira..."

"Kanuni ile mliapishwa nyie wavulana. Mimi sikuwepo. Kwangu mimi, aliyekosa anasema kwa mdomo wake. Sikungojea mapanga, Mikidadi. Nilingojea mdomo. Sema, au panda pikipiki yako urudi Mandawa."

Ilikuwa kazi kumtazama. Mwanaume mzima, shamba la korosho kalifyeka peke yake, neno linamkwama kama mwiba wa samaki.

"Pole."

"Pole ya nini?"

"Ya jicho."

"Jicho lilipona. Endelea."

Mikidadi akachuchumaa mbele yake. "Pole ya kukaa kimya. Niliona ndiyo adabu. Nikasikia umeolewa, nikasema basi, jibu ndilo hilo. Nikahamia Mandawa. Nikaoa, na yule mama akaondoka. Alisema nyumba ina mtu wa tatu, hali, halali, lakini nafasi anaichukua. Hakukosea. Nilikupenda ukiwa unakimbia peku hapa uwanjani, na sijaacha. Nataka nikuoe. Ukinikataa, safari hii nikatalie nikiwa nimesema."

Hajira akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Akasimama.

"Twende, mzee anasubiri."

Walipofika mkekani, Mikidadi alimtazama mara moja tu. Kisha akainama, akayaokota mapanga mwenyewe.

Mzee Severini akasikia mti ukigongana. "Nani kampa?"

"Kajipa," alisema Mama Getruda. "Nyamaza usikilize."

Mwanzo ilikuwa aibu tupu. Magoti yanalia, Mikidadi anazuia hewa, Hajira anahema kama mama mjamzito. "Upande wangu ni huu, bwana!" "Najua!" "Kama unajua mbona unakwenda kule?" Mara, bila mmoja kumwambia mwenzake, ikarudi. Ko-ko. Ko-ko-ko. Kushoto kukaja, kulia kukapokea, pumzi zikafuatana. Vumbi jekundu likawapanda miguuni kama zamani, na kwa kitambo kile Hajira hakuwa mjane wala fundi cherehani. Alikuwa binti anayejua mwenzake atatokea wapi. Panga la Mikidadi lilipita karibu na kovu, likasimama pale, karibu kabisa, halikugusa. Hajira hakupepesa.

Mzee Severini alikuwa anatikisa kichwa polepole, machozi yanamshuka, anasema Kimakonde peke yake.

"Simu yako inapiga kelele!" Mama Getruda aliita.

Hajira akaipokea akiwa bado anahema.

"Mama Fatu! Chai kaimaliza, sasa anaaga. Nimwambie nini huyu mtu?"

"Mwambie namshukuru sana, Shangazi. Ni mtu mwema, na Mungu atampa wa kumfaa. Mimi nimekwisha pata."

"Umepata? Kati ya chai na sasa hivi? Nani?"

"Mikidadi wa Mandawa."

"Yule aliyekupasua? Yule bubu?"

Hajira akamgeukia Mikidadi. Sauti ya Shangazi Rabia haihitaji spika. Mikidadi alikwisha sikia yote. Akayaweka mapanga yake kwapani, akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Shikamoo Shangazi. Mimi Mikidadi. Naomba kumuoa Hajira."

Upande wa pili kikasikika kikombe kikiwekwa chini.

"Marahaba," Shangazi akajibu. "Mtu haposi kwa simu. Ijumaa baada ya swala uje na wazee wako, ukae hapa barazani kwangu, uyaseme hayohayo kwa sauti hiyohiyo. Na ukija kunikalia kimya, nakufukuza na wazee wako pamoja."

"Nitasema, Shangazi."

"Sema tena."

"Nitasema!"