Betri Iliyokataa Chaja

Namba ilikuwa saba. Chrispine, fundi wa laptopu pale Oyugis, alibadilisha chaja mara tatu, akasugua tundu kwa spiriti, akaizima mashine na kuiwasha tena. Kioo kiling'ang'ania asilimia saba. Kilichomkera zaidi ni kwamba alipochomoa waya wa chaja, namba ilipanda hadi nane.

"Hii kitu inanicheza," alisema.

Ruqia, muuza mitandio aliyeileta, hakucheka. "Ni ya ndugu yangu Mohamednur. Tulimkuta amekufa, ameikumbatia, imeandika mia. Fundi, usiifungue bila bismillahi."

"Mama, hii ni betri. Haina dini."

Mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini Chrispine alikuwa mtu wa kutania hata msiba. Alifungua kifuniko, akaanza kuibandua betri kwa wembe kama wafanyavyo mafundi wa pale, waya wa betri yenyewe ukiwa bado umechomekwa ndani ya mashine. Wembe uliteleza, ukamchana kiganja. Damu ikaidondokea betri, naye badala ya kuifuta akaicheka.

"Una kiu? Kunywa basi."

Damu ikazama kama maji mchangani. Kioo kikaandika ishirini.

Harufu ya nywele zinazoungua ilijaa kibanda. Chrispine akavuta mkono kutoka kwenye betri, mkono ukagoma. Kitu asichokiona kikamkamata kisogo, kikamgonga uso mezani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi meno yakatawanyika kati ya skrubu, na kwa kila pigo namba ikapanda, thelathini na tano, hamsini, sabini, huku mashavu yake yakibonyea na kicheko kizito kisicho chake kikimtoka kooni, mpaka Liz, mkewe aliyekuwa akikaanga mandazi mlangoni, akaingia mbio na kumkumbatia kiunoni.

"Baba Byron! Achilia hiyo kitu, yawa!"

"Haiachi! Liz, inaninywa!"

"Isifike mia," Ruqia alinong'ona. "Wallahi, isifike mia."

Themanini na nane. Liz akanyakua nyundo. Alimpenda mumewe, na ndiyo sababu hakumhurumia: akagonga, mifupa ya vidole ikalia, akagonga tena, betri ikapasuka na moto mweupe ukaruka hadi darini, ukachoma kiganja, mkono wa shati na nusu ya nyusi za Chrispine kabla mkono haujabanduka. Kioo kilizimika kikiwa kimeandika tisini na moja. Ruqia alisoma Ayatul Kursiyu hadi moshi ukaisha, kisha wakambeba Chrispine hadi hospitalini.

Jioni alilala kitandani, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Liz alilia kwa aibu na kwa shukrani.

"Nisamehe, Baba Byron. Unasikia aje sasa?"

Chrispine alifungua macho. Akaunyoosha mkono wa pili, ule mzima, akamshika mkewe kiganjani. Liz akatabasamu, kisha akasikia harufu ya nywele zinazoungua. Alijaribu kujinasua. Mkono ukagoma.

"Tisini na mbili," ilisema kooni mwa Chrispine sauti ile nzito iliyocheka kibandani.