Plasta Kwenye Simu ya Metui

Mwaka 2008 Metui alikuwa na simu moja tu, ila ilivyokuwa ikilia ungedhani ziko kumi. Bintiye Sinyati, wa kidato cha tatu, alikuwa likizo. Yeye na wenzake watano waliulizana maswali ya mtihani kwa meseji. Swali likimfikia mmoja, anawatumia wote.

"Maswali gani hayo hayaishi?" Metui alinung'unika. Mzee huyu haamini kitu upesi. Hata chai ya mkewe huinusa kwanza.

Ijumaa moja simu ililia Sinyati akiwa kisimani. Metui alikuwa akisoma ngumbaru, darasa la watu wazima, basi akaisoma mwenyewe, herufi kwa herufi: "Ni mimi Aikande, hii namba yangu mpya. Nimetupatia kazi loji. Kesho saa nne gari litakuchukua njia panda. Njoo peke yako. Usimwambie baba."

Usimwambie baba! Damu ikamchemka.

"Sinyati! Unatoroka na nani?"

"Sitoroki, Baba! Aikande ni rafiki yangu wa darasani."

"Aikande, eti! Hilo ni dume!"

Sinyati akaanza kulia. "Basi ni Dennis wa kundi letu. Yule kazi yake utani." Hapo hapo akawaandikia wote: "Dennis ni mwongo, hana adabu." Dakika chache tu, kundi zima likamshukia Dennis kwa matusi.

Metui akamkokota binti hadi kwa jirani yao, Mwalimu Judith, anayemfundisha ngumbaru. Judith akaisoma ile meseji.

"Tusikie sauti kwanza," alisema. Akampigia Aikande kwa namba ya zamani.

"Mimi? Sijabadili namba, Mwalimu. Kazi gani?"

Akapiga ile mpya. Mwanamume mzima akaitika, "Haloo, mrembo?"

Judith akakata. Metui aliketi chini. Kesho binti yake angepanda gari la mtu yule!

"Amewajuaje?" aliuliza.

Judith akaigeuza simu. Nyuma palikuwa na plasta: SINYATI METUI, KIDATO CHA TATU, na namba. "Nani kaandika?"

"Mimi," Metui alijibu taratibu.

Siku ya mnada uliopita aliiacha dukani Karatu ichajiwe. Pale simu hubandikwa plasta zisichanganyike. Wengine huandika jina moja. Yeye, kwa furaha ya kujua kuandika, akaandika jina zima la binti yake, darasa na namba. Simu ikashinda mezani imewashwa, meseji zote wazi kwa kila mpita njia.

"Mzee, ukiiacha, izime, na uweke namba ya siri," Judith alisema. "Nawe Sinyati, namba mpya isiingie kwenye kundi kabla hamjasikia sauti. Mtu akikuambia usimwambie mzazi, mwambie mzazi siku hiyo hiyo. Na Dennis je?"

Sinyati akaona aibu. Akaandika kwa wote: "Nimemsingizia Dennis. Nisamehe, Dennis. Wengine futeni matusi yale."

Jibu la Dennis likaja: "Mama aliyasoma yote. Nimelia. Haya, nani ana jibu la swali la tano?"

Jioni ile walikwenda polisi. Kesho yake saa nne, gari lilipofika njia panda, lilikuta askari wakilingoja.

"Nisamehe, mwanangu," Metui alimwambia binti. "Nilikushuku wewe, kumbe mlango niliufungua mimi."

Siku ya mnada uliofuata alifika dukani na simu iliyozimwa. Kwenye plasta alikuwa amechora alama anayowakata ng'ombe wake masikioni ili kuwatambua.

"Mzee, jina liko wapi?" mwenye duka aliuliza.

"Ndilo hilo," Metui alisema. "Mimi nalisoma."