Kizimba cha Utepe Mwekundu

Ijumaa, saa nne asubuhi. Kibaha, Maili Moja.

Chumba cha nyuma cha karakana kilinuka grisi. Mwinyimadi, bosi, alikaa juu ya tairi. Kondo, dereva wake wa miaka yote, alisimama mlangoni kama mdeni, maana kiti chake alikuwa amekikalia Halidi. Pembeni ya Halidi alikaa Zuwena, yule yule Zuwena ambaye hadi mfungo uliopita alikuwa wa Kondo.

Halidi alikuwa mgeni kundini. Zamani alikuwa wakala wa mizigo uwanja wa ndege. Alifukuzwa kwa wizi, lakini bado aliongea kama mwalimu.

"Betri za simu bila cheti ni takataka," alisema. "Hakuna ndege itakayozibeba. Hizi za ghala la Zegereni zimeshapimwa, zimechajiwa kidogo tu kama sheria inavyotaka. Tukizipata na vyeti vyake, mteja wa nje anazichukua leo leo."

"Na zile za kwenye kizimba?" Zuwena aliuliza. Alikuwa amejipenyeza ghalani humo kama mfanya usafi, na funguo za bandia alizileta yeye.

"Zenye utepe mwekundu? Msiguse. Zimefeli vipimo, zinasubiri kuteketezwa."

Kondo akacheka kwa pua. "Kitu kibovu kinafungiwa kufuli?"

"Ndiyo maana kinafungiwa."

"Mimi nimeanza kuvunja kufuli sijaota ndevu. Sijakuta takataka nyuma yake hata siku moja."

"Kondo," Mwinyimadi alimkata, "wewe endesha gari. Mambo ya mzigo muachie Halidi."

Zuwena akacheka. Si kicheko kikubwa, ila kilimwingia Kondo mpaka kwenye mifupa. Wivu ulimpanda.

Saa saba mchana. Zegereni.

Walinzi walikuwa wamekwenda kuswali Ijumaa. Aliyebaki getini alifungwa kamba, akafungiwa chooni. Lori lao, Kenta, likaingia kinyumenyume. Walipakia mbio mbio. Kisha Halidi na Zuwena wakaingia ofisini kutafuta vyeti, bosi akasimama getini kuangalia njia. Kondo akabaki peke yake mbele ya kizimba.

Sasa mwizi ana akili yake. Akiona kufuli, anaona mali. Kondo akajiambia: huyu bwana anaziacha makusudi, atazirudia na Zuwena wake, wakajenge, wakazae, mimi nikibaki kupaka gari grisi. Thubutu! Akachukua mkasi wa kukatia nondo. Kufuli likadondoka. Boksi za utepe mwekundu akazisukumia ndani kabisa ya bodi, akazifunika turubai. Wakifika maficho yao ya Kurui angezifungua mbele ya bosi, aone nani mwizi wa wenzake.

Halidi na Zuwena wakapanda nyuma, wabandike lebo mpya njiani. Kondo akawafungia komeo kwa nje.

Saa nane. Barabara ya Mlandizi kwenda Mzenga.

Mashimo matupu. Kenta iliruka, Kondo akasikia kicheko cha Zuwena nyuma ya bati. Akakanyaga mafuta. Baadaye yakaja mateke kwenye bati.

"Wanagonga," bosi alisema.

"Wanacheza hao."

"Simama."

"Tukisimama hapa tunaonekana, bosi."

Ilikuwa kweli, lakini si hiyo iliyomfanya aongeze sauti ya redio.

Kisha akaona moshi kwenye kioo cha pembeni.

Alisimamisha gari akakimbilia nyuma. Komeo lilimuunguza vidole. Zuwena akaanguka nje akikohoa, mkono wa baibui umeyeyukia ngozini. Halidi akafuata akitambaa, viganja vimechunika. Alikuwa amezikumbatia boksi zinazowaka ili zisimfikie Zuwena. Ndani betri zilialika kama bisi kwenye sufuria.

Mwinyimadi alikitazama kipande cha utepe mwekundu mchangani, akamtazama Kondo. Alichukua mkoba wake akapotelea kwenye mihogo.

Watu wa Mzenga walikuja na ndoo za mchanga. Nyuma yao difenda ya polisi ikifuata moshi. Kondo bado alikuwa na nafasi ya kukimbia. Akapiga goti.

"Zuwena, nipe mkono twende."

"Ulitusikia?"

"Zuwena..."

"Tulikuita kwa jina, Kondo. Ulitusikia?"

Zuwena akageuza shingo kwa askari.

"Afande, dereva ni huyu. Ndiye aliyetufungia."

Pingu zikalia. Jamani, mtu bosi kamkimbia, jela inamsubiri, mzigo unateketea, na macho yake yameganda pale Zuwena alipokilaza kichwa cha Halidi mapajani. Askari akamsukuma kwenye difenda. Kondo akageuka, akawatazama tena.